Mguu Mmoja, Milango Mitatu: Mtu wa Nyumbani Akiumia, Nani Analipa?

Mzazi mwenzangu, chukulia kijana mmoja wa hapa Bariadi na mguu mmoja uliovunjika. Kwanza tuseme ameanguka kutoka kwenye mwembe nyumbani kwao. Au tuseme amegongwa na bodaboda akivuka barabara iendayo Lamadi. Au ameangukiwa na robota la pamba akiwa kazini. Mfupa ni uleule, maumivu ni yaleyale, na daktari atafunga plasta ngumu ileile. Anayelipa, hata hivyo, si yuleyule.

Wengi wetu tunadhani bima inaangalia ukubwa wa jeraha. Tunafika dirishani tukieleza mgonjwa alivyolia usiku kucha, alivyopoteza damu, alivyo na watoto wadogo. Aliye upande wa pili wa dirisha anatusikiliza kwa huruma, lakini anachotafuta kwenye karatasi ni majibu ya maswali matatu. Jeraha hili limetokea wapi? Tiba hii inatokana na jeraha hilo? Na tiba yenyewe ni ya lazima, kwa bei ya kuridhisha?

Nimeyajua maswali haya kwa kumuuguza baba watoto. Msimu mmoja wa pamba, mkono wake wa kulia ulikamatwa na mkanda wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa ameajiriwa. Ilichukua karibu mwaka mzima kuanzia kitandani hospitali hadi siku ya tathmini ya ulemavu. Niliyojifunza ndani ya mwaka huo nayaandika hapa kwa ajili ya familia ambazo bado hazijafika huko.

Tuanze na mlango wa kwanza, wa kijana aliyeanguka mwembeni. Huo ni mlango wa bima ya afya ya familia. Kwa watumishi upo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3, na kadi zinamhudumia mwanachama, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo, kadi iliyozoeleka kwa miaka kadhaa imekuwa ya CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwa hiyo utaratibu unabadilika. Uliza kituo chako cha afya kadi gani inafanya kazi sasa, na uulize kabla hujaugua.

Bima za namna hii hazikuulizi sana uliumia wapi. Zinaangalia kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma, vipimo na dawa ambazo mfuko umekubali kulipia, pamoja na bei ya kila kimoja. Dawa ikiwa nje ya orodha, utaambiwa ukanunue. Zinaangalia pia ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa barua ya rufaa isipokuwa pale penye dharura. Kadi ya CHF mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Familia iliyopewa rufaa ya Bugando, Mwanza, ilijikuta inauza ng'ombe huku kadi yake ikiwa haijaisha muda.

Mnakumbuka Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya. Baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuhudumia wenye kadi kwa sababu hazikukubaliana na bei zilizopangwa. Mzazi mwenye kadi halali aliambiwa alipe taslimu. Mvutano ule haukumhusu mgonjwa wala ugonjwa wake. Ulihusu bei zilizoandikwa kwenye orodha ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona.

Mlango wa pili ni wa kijana aliyegongwa na bodaboda. Sheria inataka kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima angalau ya mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ni mwanao aliyekuwa anavuka barabara. Dereva hayumo. Dereva wa bodaboda aliyeteleza peke yake akavunjika mguu hana chake kwenye bima hiyo, hata kama ndiye aliyeilipia. Jambo hili vijana wetu wengi wanaoendesha pikipiki hawalijui mpaka siku ya ajali.

Kampuni ya bima hapa inalipa kwa niaba ya aliyekosea, kwa hiyo lazima ithibitike nani amekosea. Ndiyo maana PF3 ya polisi ina uzito, pamoja na mchoro wa ajali, namba ya pikipiki na stika ya bima, ambayo uhalali wake unaweza kuuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Malipo huja baadaye, wakati mwingine baadaye sana. Hospitali unalipa kwanza wewe, na kila risiti isiyotunzwa ni fedha iliyokwisha kwenda.

Mlango wa tatu ndio tuliopita sisi, nao ndio usiofahamika sana mitaani kwetu. Unaitwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria yake ilitungwa mwaka 2008 na mfuko ukaanza kazi Julai 2015, kwa Tanzania Bara. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya tangu ukoloni, ambayo kikomo chake kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Mtu aliyepoteza mkono enzi hizo alipewa fedha ambayo leo haitoshi hata matibabu ya wiki moja.

Mfuko huu unachangiwa na mwajiri peke yake. Kiwango kwa sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mtu akiumia kazini au akipata ugonjwa unaotokana na kazi, mfuko unagharamia matibabu. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya mshahara wake kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, inafanyika tathmini: ukiwa hauzidi asilimia 30 analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo analipwa pensheni. Kuna pia fedha za mtu wa kumhudumia mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengamao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi iwapo amefariki.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, tofauti kati ya mlango wa kwanza na wa tatu ni kubwa. Kadi ya NHIF ingeweza kuutibu mkono wa baba watoto, lakini isingelipa ada ya shule wala unga wa mwezi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku sipati usingizi. Siku ya pili tu, mgonjwa akiwa bado kwenye maji na dawa za maumivu, alikuja mtu kutoka ofisi ya kiwanda. Alikuja na maji ya kunywa na matunda, akanisalimia vizuri, akakaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mayu, wewe ni mwalimu, kadi ya bima mnayo. Andikisheni tu kwamba ameumia nyumbani, matibabu yataenda haraka. Haya mambo ya fidia makaratasi yake ni mengi."

Nikamjibu, "Kaka yangu, mkono umekamatwa na mashine yenu saa nne asubuhi, watu wakiona. Nitaandikishaje nyumbani?"

Akasema ni ushauri tu. Akaaga, akaondoka.

Fikiria mama mwingine aliye kwenye hali ile. Hajala tangu jana, anamwogopa mwajiri kwa sababu mume akipona atataka kurudi kazini, na ushauri umeletwa kwa upole pamoja na matunda. Angekubali, na nani angemlaumu? Lakini neno moja, "nyumbani", lingeandikwa kwenye faili siku ile, na kila karatasi ya baadaye ingelifuata. Miezi tisa baadaye ukienda kudai kwamba ilikuwa kazini, utaonyeshwa maneno yako mwenyewe.

Kwetu, kwa bahati, nesi wa zamu aliyempokea alikuwa ameshauliza na kuandika: mkono wa kulia umekamatwa na mkanda wa mashine, kazini, tarehe na saa. Niliomba nakala ya karatasi ile, nikaipiga na picha kwa simu. Kisha nikampeleka shemeji kiwandani na barua ya kutoa taarifa, akarudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria inamtaka mwajiri apeleke taarifa kwenye mfuko ndani ya siku 7, na madai yenyewe yasipite miezi 12 tangu ajali. Barua yenye muhuri inafanya siku hizo zihesabike.

Swali la pili nililipata wodini. Wakati wanamwandaa kwa upasuaji walimpima, wakakuta presha iko juu sana na sukari nayo si nzuri. Hakuwa anajua. Alianzishiwa dawa, akawekwa siku mbili zaidi mpaka presha ishuke. Hesabu zilipopangwa, ya mkono ikaenda upande wa fidia, dawa za presha na sukari zikaja upande wa kadi ya familia.

Mama mkwe alishangaa. Mgonjwa si mmoja? Kitanda si kimoja? Ndiyo, lakini presha haikuletwa na mkanda wa mashine. Mfuko wa fidia unalipia jeraha na yale yanayotokana nalo. Hauwezi kuubeba mwili mzima na magonjwa yote uliyokuja nayo.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapa ndipo familia nyingi zinapoteza haki. Wiki ya nne baada ya upasuaji kidonda kilianza kutoa usaha. Kwa mtu wa kawaida huo ungeonekana ugonjwa mpya, tarehe nyingine, hospitali nyingine. Daktari aliandika sentensi moja: maambukizi ya kidonda kutokana na jeraha la kazini la tarehe fulani. Maneno hayo mawili, "kutokana na", yaliunganisha matibabu ya pili na ajali ya kwanza. Mgonjwa wako akirudi hospitali kwa tatizo lililozaliwa na jeraha la zamani, nenda na karatasi za mwanzo, umkumbushe daktari kwa adabu auandike uhusiano huo kama upo. Daktari ana wagonjwa arobaini nje, hawezi kukumbuka kila kisa.

Usidhani mambo haya ni ya kwetu tu. New Zealand, tangu Aprili 1974, wana mfuko wa ajali unaomhudumia kila mtu aliyeumia, awe kazini, barabarani, nyumbani au uwanjani, hata mgeni aliye matembezini. Wao waliiunganisha milango mitatu ikawa mmoja. Kijana wetu wa mwembeni, wa bodaboda na wa kiwandani kule wangeingia pamoja. Hata hivyo swali la pili halikuwaisha. Mtu wa miaka 60 akiumia mgongo kwa kubeba mzigo, bado wanauliza: maumivu haya yameletwa na mzigo, au ni mifupa iliyochakaa kwa umri? Likijibiwa ni umri, mfuko wa ajali unakataa. Swali hilo linaulizwa popote penye bima ya majeraha, kwa hiyo afadhali tujifunze kulijibu.

Swali la tatu, la ulazima na bei, ndilo linalogombanisha ukoo. Ndugu wa Mwanza walitaka tumhamishie hospitali ya gharama, chumba cha peke yake, bila rufaa ya daktari. Mapenzi yao yalikuwa makubwa na sikuyadharau. Lakini mfuko unalipa tiba inayohitajika kwa gharama ya kuridhisha. Starehe ya chumba ni mzigo wa anayeitaka. Niliwaomba wasubiri mpaka daktari mwenyewe aandike rufaa, na alipoiandika tulikwenda na barua mkononi. Kabla ya kumhamisha mgonjwa, uliza kwanza: hospitali hiyo inakubalika na mfuko? Nani amependekeza? Imeandikwa?

Mama mkwe kwa upande wake alitaka tumtoe mwanawe hospitali tumpeleke kwa mganga wa kuunga mifupa. Usukumani kwetu hilo si jambo geni, na wapo watu wanaotembea leo wakiwasifu waganga hao. Sikubishana naye mbele ya mgonjwa. Nilimweleza kwamba mkono huu umekatika kano, mfupa ni jambo dogo hapa, na daktari amesema zikichelewa kushonwa vidole havitakunja tena. Akakubali tumalize hospitali kwanza. Baadaye mganga aliitwa nyumbani kumwombea na kumpa moyo, na mbuzi wake tulimtoa sisi. Hakuna mfuko unaolipia mbuzi asiye na risiti.

Jambo la mwisho ambalo nisingependa mtu alipuuze ni mazoezi ya viungo. Kidonda kilipofunga, kila mtu alisema amepona. Lakini vidole vilikuwa vimekakamaa kama vijiti, kijiko hakishikiki. Mazoezi yale yanaonekana ya mchezo: kufinya kitambaa, kuokota punje za mahindi moja moja, kukunja na kukunjua. Watu wanayaacha kwa sababu ya nauli na kwa sababu hakuna damu inayotoka. Kumbe ni tiba kamili, na utengamao ni sehemu ya mafao ya fidia. Kinachotakiwa ni yaandikwe na daktari kama tiba, mara ngapi kwa wiki na kwa muda gani, na kila siku uliyokwenda isainiwe. Mazoezi yasiyoandikwa, kwa mfuko ni sawa na hayakufanyika.

Tathmini ilifanywa baada ya madaktari kuona mkono umefika mwisho wake wa kupona. Ulemavu wake haukufika asilimia 30, akalipwa kwa mkupuo. Sitasema fedha ile ilirudisha mkono. Vidole viwili havikunji mpaka leo. Lakini ada haikukwama, hatukuuza shamba, na sasa anasaidia kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika wakati wa kununua pamba, akiandika kwa mkono wa kushoto kwa herufi zilizoinama. Watoto wanamcheka, naye anacheka nao.

Asiyeridhika na uamuzi wa mfuko hapaswi kunyamaza. Sheria inampa nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, na zipo ngazi za juu zaidi. Lakini rufaa nayo inalishwa na karatasi. Machozi peke yake hayatoshi, hata yakiwa ya haki.

Msimu wa pamba hufunguliwa Mei, na vijana wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu huingia viwandani na maghalani kwa kazi za miezi michache. Aliye chini ya miaka 18 sheria hairuhusu apewe kazi ya hatari, huyo abaki nyumbani. Aliyetimiza umri, kabla hajaondoka mwulize mambo manne. Mwajiri wako amejisajili WCF? Jina lako limeandikwa kwenye orodha ya wafanyakazi, na kwa mshahara gani? Nani shahidi wako ukiumia? Na namba ya simu ya nyumbani ameiacha kwa nani pale kazini?

Kisha mtafutie bahasha moja ngumu, uiandike jina lake juu. Humo ziingie nakala ya mkataba au hata karatasi ya malipo ya wiki ya kwanza, hati za mshahara, na nakala ya kitambulisho. Mungu akijalia, msimu utaisha bahasha ikiwa haijafunguliwa, na utaitumia mwakani kuwekea vyeti vya shule.